Mfuko wa Kulia

Mji huu jina lake maana yake mashua,
ila mto wake umezikwa chini ya lami
na hakuna aliyewahi kuniletea tanga nishone.
Huniletea zipu zilizogoma,
suruali za waliokonda,
na gauni moja jeupe ambalo mwenyewe
hakurudi kulichukua, wala sikumuuliza.

Jumanne, theluji ikishageuka tope,
akaingia Gracjan wa ghorofa ya tatu
na koti la babu yake ndani ya gunia la viazi.
Mzee Zenobiusz, dereva wa tramu,
miaka thelathini na moja kwenye reli zilezile.
"Bibi Teodozja, limtoshe binti yangu.
Ana miaka saba. Na hapendi kijivu."

Nikasema, rahisi, tutalipindua.
Ndivyo tulivyoishi hapa enzi za foleni:
unalifumua koti mshono kwa mshono,
unalipiga brashi, unalipiga pasi ya mvuke,
kisha ndani panakuwa nje,
na ule upande usiowahi kuonja jua
unatoka kama bwana harusi.
Kinachokusaliti ni kimoja tu:
mfuko wa kifuani, uliokaa juu ya moyo,
unahamia kulia.

Nikawasha taa, nikavaa kastabani,
nikatia wembe begani,
na wembe ukasita.

Mfuko ulikuwa kulia tayari.

Vifungo vimekaa kike. Matundu ya zamani
yamezibwa kwa uzi mwembamba hivi
hata kidole kilipita bila kujua.
Mtu alishalipindua kabla yangu.
Na kitambaa, tofauti na baadhi ya wanadamu,
hakina uso wa tatu.

Nikasogeza taa karibu.
Mishono ililala upande,
kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Mashoto. Katika mtaa wetu wote
mshonaji mashoto alikuwa mmoja,
naye alikufa mimi nikijua kupiga bandi tu.
Hakuniachia barua; kuandika kulimchosha.
Sasa huu hapa mwandiko wake, mistari minne,
kwenye koti la mtu wa tramu.

Kuna mfuko wa kulia, na kuna kulia.
Mimi nilitafuta miwani.

Chai ilipoa. Kisha nikashika mkasi
kabla woga haujakaa kitako.
Viwiko vimekwisha: vikaenda.
Bega la mkoba limepauka: likabaki,
maana mpauko wake una mstari
ambao hakuna kiwanda kingeuchora.
Nikakata vipande virefu,
uso wa kwanza ubavuni mwa uso wa pili,
kijivu cha jua na kijivu cha mvua.
Matundu yaliyozibwa nikayazunguka kwa mbali
kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala,
nikayaweka kwenye mkono wa kushoto.

Na bitana? Lile gauni jeupe.
Nililichemsha na maganda ya vitunguu
ya majirani wa ngazi nzima,
likatoka rangi ya karoti
na jengo likanuka supu siku mbili.

Gracjan aliposikia bei alisema
kwa pesa hizo angenunua jipya.
Kweli. Angenunua.
Lakini Kalina alikwisha kulivaa,
anazungukazunguka mbele ya kioo,
karoti ikichungulia kila akigeuka.
Akaupata mfuko. "Mbona uko huku?"
Kabla sijapanga jibu
akatoa jino kwenye soksi, jino lake,
la jana, akalitumbukiza humo
akafunga kwa kiganja.

Wamekwenda. Nasikia viatu ngazini.
Uzi nilioufumua begani umeoza,
hauwezi kushika hata kifungo.
Nimeuzungushia kwenye njiti ya kiberiti.
Kesho kuna suruali tatu za waliokonda,
na mmoja wao, naona, ameanza kunenepa.